Medali ya ujirani: kati ya Uvira na Bujumbura, nani aivae?

Kila mara wakubwa wa Kinshasa na wa Bujumbura wakikutana, maneno ni yale yale: undugu, ujirani mwema, watu wamoja waliotenganishwa na mto. Hotuba inasomwa, picha inapigwa, wageni wanakula, wanarudi. Mara nyingine mtu anavishwa nishani: balozi anayemaliza muda wake, jenerali, mfadhili. Hatuna ubaya nao. Lakini sisi watu wa mwambao wa kaskazini wa Tanganyika, tukisikia habari za tuzo ya urafiki kati ya nchi mbili jirani, tunajiuliza swali moja tu: kama kweli ingekuwepo medali ya urafiki wa Kongo na Burundi, ingefungwa kwenye kifua cha nani?

Swali si la mchezo. Tuzo inayokaribia hiyo ipo duniani, na imekwisha kufika kwenye ziwa letu. Tuanzie hapo.

Medali ya Mwalimu

Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere, wakati ule Rais wa Tanzania, alipewa medali ya Nansen, ile ambayo HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inatoa tangu 1954 kwa watu waliowatumikia wakimbizi kupita kawaida. Wa kwanza kuipata alikuwa Eleanor Roosevelt wa Marekani. Jina ni la Fridtjof Nansen, Mnorwe, mtu wa ajabu kidogo. Kwanza alijulikana kwa kuvuka barafu ya Greenland kwa skii mwaka 1888. Halafu, akiwa na miaka karibu 60, Shirikisho la Mataifa likamfanya kamishna wa wakimbizi, mwaka 1921. Na jambo lake kubwa halikuwa hema wala unga. Lilikuwa karatasi. Watu waliokimbia Urusi hawakuwa tena na nchi ya kuwapa pasipoti, basi Nansen akatengeneza karatasi ambayo serikali nyingi zilikubali kuitambua, ikaitwa pasipoti ya Nansen. Mwaka 1922 akapewa Nobel ya amani. Mama wa Uvira anayepita bariera ya Kavimvira kila juma, jetoni au lese-pase mkononi, anaelewa upesi kuliko mtu wa Paris kwa nini karatasi inaweza kumpatia mtu Nobel.

Na kwa nini Mwalimu? Mwaka 1972 Burundi iliingia katika mauaji ambayo kule wanayaita Ikiza. Watu walikimbia pande zote: Rwanda, Zaire, yaani kwetu huku kwenye uwanda wa Ruzizi, na wengi zaidi Tanzania. Tanzania haikuwaacha wakae mpakani wakingoja mgao. Iliwapa ardhi: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba na baadaye Mishamo upande wa Mpanda. Pori lilifyekwa, na baada ya miaka michache wale watu walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza mazao yao.

Hadithi iliendelea hata baada ya medali, na kwetu hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2007 wale wakimbizi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 200,000, waliulizwa wanataka nini: kurudi Burundi au kubaki. Karibu wanne kwa kila watano walisema tunabaki. Tanzania ikawapa uraia watu wapatao 162,000, ingawa vyeti vilichelewa sana, vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Mwalimu mwenyewe hakuona hayo. Alikufa Oktoba 1999, akiwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya Warundi kule Arusha, na Mandela ndiye aliyeyamaliza, Agosti 2000.

Tuseme kila kitu: Tanzania hiyo hiyo, Desemba 1996, iliwasukuma Wanyarwanda kwa maelfu warudi kwao, wapende wasipende. Medali haigeuzi nchi kuwa malaika. Lakini watu wa Uvira na wa Fizi hatuwezi kuisema sana, kwa sababu mwaka huo huo wa 1996 vita ilipotupiga, wengi wetu tulivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, ikafunguliwa kwa ajili yetu. Kuna watoto wa Uvira waliozaliwa pale, wakasoma pale, wakaoana pale, na mpaka leo hawajui Kalundu inafanana na nini.

Zamu kwa zamu

Kwa Tanzania, jambo ni rahisi kuliandika kwenye cheti: nchi moja ilipokea, nyingine ikatoa watu. Kati ya Uvira na Bujumbura cheti cha namna hiyo hakiandikiki. Hapa hakuna mwenyeji wa kudumu, wala mgeni wa kudumu. Ni zamu.

Hesabu na wazee wa mtaa wako. Mei 1964, wakati wa vita ya Mulele, Uvira ilichukuliwa na waasi, na watu wetu wakakimbilia Burundi. Miaka 8 baadaye, mwaka 1972, ni Warundi waliokuja. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, wakaja tena, mwaka uliofuata Wanyarwanda wakaongezeka, na kambi za Uvira na uwanda wake zikafika kuwa na watu zaidi ya 200,000. Oktoba 1996 vita ikawafukuza wenye kambi na wenye nyumba pamoja, kila mtu njia yake. Ikaja 1998. Ikaja 2004, wakati Bukavu ilipoingia matatani na watu wa Uvira wakavuka kwenda Gatumba. Mwaka 2015 zamu ikageuka tena: siasa ya muhula wa tatu ilichafua Bujumbura, Warundi wakapita Kavimvira, na Lusenda, kule Fizi, ikawa kambi, baadaye ikaongezeka ya Mulongwe. Halafu Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa na M23, watu walishuka uwanda wote wakakuta Ruzizi mbele yao. Wengine walivuka majini hivyo hivyo, bila mtumbwi wa maana, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Katika miezi michache waliandikwa zaidi ya 60,000. Na Desemba ya mwaka huo ilikuwa zamu ya Uvira yenyewe: makumi ya maelfu walitoka mjini kwa siku chache tu, njia ya Gatumba ikajaa magodoro na watoto.

Hizi ni tarehe zilizo katika ripoti. Jambo moja haliko katika ripoti, na njo hilo tunataka kulisema. HCR inahesabu mtu akifika kwenye kituo. Mtu aliyeingia nyumbani kwa mtu, hahesabiwi na yeyote. Na karibu siku zote, usiku wa kwanza, kabla ya hema, kabla ya biskuti, kabla ya kadi, mkimbizi wa ziwa hili amelala nyumbani kwa mtu. Kwa shangazi aliyeolewa Gatumba. Kwa mteja wa zamani wa vikwembe huko Buyenzi. Kwa mtu ambaye mwaka 2015 alikuwa yeye mgeni, huku Kavimvira. Na mara nyingine kwa mtu asiyejulikana kabisa, aliyefungua mlango akaona mama na mtoto mgongoni, akasema: «Muingie, tutajibana.»

Kujibana si neno la mashairi. Nyumba ya vyumba viwili inapata watu 10 zaidi. Sufuria ya bugali ni ile ile, ndagala ni zile zile, na bei ya unga inapanda kwa sababu wageni wako sokoni pamoja na wenyeji. Choo kinajaa. Hapa Uvira kolera haitutoki, kila mtu anajua, na anayefungulia watu mlango wakati maji ya robine yamekatika anafungulia pia hatari hiyo. Halafu wageni hawasemi wanaondoka lini, maana wenyewe hawajui.

Hatusemi kwamba wote wako hivyo. Tumeona wenye mitumbwi wakipandisha bei ya kuvuka siku ile ile ya mabomu. Tumeona kodi ya chumba ikifanywa mara mbili kwa sababu mpangaji ana mzigo kichwani na uoga machoni. Tumesikia neno «mukimbizi» likitupwa shuleni kama jiwe, huku na kule ng'ambo. Tuzo yoyote ya urafiki lazima ijue hayo, la sivyo itakuwa ya hotuba tu.

Kiswahili nacho kimesaidia. Mvira na Mfulero akifika Bujumbura, Kirundi kinaweza kumpiga chenga, lakini Buyenzi atapata watu wanaoongea Kiswahili tangu kwa babu zao. Mrundi akifika Uvira, soko lote ni Kiswahili. Anayeomba maji anaeleweka. Kwa usiku wa kwanza, hilo ni kubwa.

Mwaka ambao medali ilipewa watu wote

Sasa tutaambiwa: medali ni ya mtu mmoja, haiwezi kupewa mji. Si kweli. Mwaka 1986 medali ya Nansen ilipewa watu wa Kanada, wote pamoja, taifa zima. Sababu ilikuwa namna walivyopokea wakimbizi, hasa wale wa Vietnam, Kambodia na Laos, ambao wengi wao walikuwa wamekimbia kwa mashua. Katika 1979 na 1980 Kanada ilipokea karibu 60,000, na sehemu kubwa yao haikupokelewa na serikali bali na familia, parokia na vikundi vya majirani waliochanga pesa na kutia sahihi kwamba watawalea wageni wao mwaka mzima.

Ni jambo zuri, hatulipunguzi. Lakini Mkanada alijua jina la mgeni wake kabla hajafika. Alikuwa na miezi ya kutayarisha chumba. Mgeni alikuja kwa ndege, karatasi mkononi. Kama hilo lilistahili medali ya taifa zima, basi mwambao unaoanzia Rugombo mpaka Bujumbura, na huku kwetu unaoanzia Kamanyola mpaka Baraka, unastahili walau kutajwa. Mlango wa huku umebishwa usiku wa manane, na mwenye nyumba alikuwa na dakika moja ya kuamua.

Wapo pia waliokwisha kupewa, mmoja mmoja. Burundi ina Marguerite Barankitse, wa Ruyigi, aliyeokoa watoto 25 Oktoba 1993 baada ya kushuhudia watu 72 wakiuawa mbele yake, akaanzisha Maison Shalom, akapata Nansen mwaka 2005. Kongo ina Masista Angélique Namaika, wa Dungu, aliyewasaidia wanawake walioteswa na waasi wa LRA. Yeye aliipata mwaka 2013. Na karibu zaidi na sisi, Évariste Mfaume, wa Kivu ya Kusini, aliyewahi kuwa mkimbizi yeye mwenyewe, alipata mwaka 2019 tuzo ya kanda ya Afrika kwa kazi ya shirika lake la SVH. Angalia basi: nchi zetu mbili, ambazo kwenye habari za dunia zinatajwa kwa vita tu, kila moja ina medali hiyo nyumbani. Na Barankitse, miaka 10 baada ya kuvishwa, alilazimika kukimbia nchi yake mwaka 2015. Mwenye medali naye alihitaji jirani.

Serikali zenyewe zilijaribu urafiki wa karatasi. Tarehe 20 Septemba 1976, Zaire, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa CEPGL kule Gisenyi. Rais Micombero wa Burundi alitia sahihi, na majuma sita baadaye, tarehe 1 Novemba, Bagaza akamwangusha. Ulikuwa mwanzo wa namna hiyo. Hata hivyo CEPGL ilituachia vitu: umeme wa Ruzizi II, unaogawanywa na nchi tatu, na ile lese-pase ambayo mpaka sasa ni pasipoti ya maskini. Vita vikailaza CEPGL kwa miaka mingi. Wakati wa korona mpaka wetu na Burundi ulifungwa zaidi ya mwaka mzima, mpaka Juni 2021, na tuliona upesi sana ni nani anaishi kwa urafiki huu: mama wa nyanya na lengalenga wa Gatumba, mama wa mawese wa Uvira, mwanafunzi mwenye mtihani Bujumbura, mgonjwa mwenye rendevu na daktari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kualikwa Gisenyi.

Makaburi mawili

Kuna jambo ambalo mtu akiandika habari za urafiki wa Kongo na Burundi hupenda kuliruka. Sisi hatutaliruka, kwa sababu watu wa huku wangetucheka.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya Gatumba ilishambuliwa. Waliolala pale walikuwa wakimbizi wa Kongo, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamevuka kutafuta usalama. Zaidi ya 150 waliuawa, wanawake na watoto wengi kati yao. Kikundi cha FNL cha Burundi kilikiri kwamba ndicho kilichofanya, na wenye kufiwa wanasema mpaka leo hakikuwa peke yake. Kesi yenye kuridhisha hawajaiona. Kila Agosti jamaa zao wanakumbuka, Gatumba na popote walipotawanyika.

Tarehe 15 Septemba 2017 ilikuwa Kamanyola, huku kwetu. Wakimbizi wa Burundi waliandamana kwa sababu wenzao walikuwa wamekamatwa na waliogopa watarudishwa kwao. Askari wa Kongo wakafyatua risasi. Waliokufa hawakupungua 36.

Mkongo aliuawa akiwa mgeni wa Burundi, Mrundi aliuawa akiwa mgeni wa Kongo. Ukisafiri kutoka Kamanyola mpaka Gatumba ni mwendo wa saa chache kwa gari, kwenye uwanda mmoja, kando ya mto mmoja. Tuzo ya urafiki itakayotolewa bila kutaja makaburi hayo mawili, jamaa za marehemu wataiona kama kifuniko. Kwa maoni yetu, ingefaa ianzie hapo hapo: ujumbe wa Uvira uende Gatumba, ujumbe wa Burundi uje Kamanyola, maua yawekwe, majina yasomwe. Ndipo tuzungumze medali.

Jiwe la Mugere

Kusini mwa Bujumbura, njia ya Rumonge, kuna jiwe kubwa pale Mugere. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 1871. Watalii wanapiga picha. Hao wawili walikuja kaskazini ya ziwa kuangalia kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia, wakaona inaingia. Miaka 13 kabla yao, Aprili 1858, Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira na swali hilo hilo, na watu wa hapa waliwaambia kwamba mto unaingia. Wenyeji walikuwa wamejibu, lakini jiwe likapewa waliokuja kuhakikisha.

Hatuna haja ya kung'oa jiwe la mtu. Tunasema tu kwamba kwenye mwambao huu wageni wawili waliopita wana jiwe, na watu waliopokea wageni kwa miaka 60 hawana hata ubao.

Kama meya wa Uvira na mwenzake wa Bujumbura wangetaka kufanya jambo ambalo halihitaji Kinshasa wala wafadhili, hili lingewezekana. Cheti kimoja kwa mwaka, kwa nyumba moja ya kila upande. Kwa nyumba, si kwa mtu, maana mara nyingi baba ndiye anayesema «karibuni» na mama na mabinti ndio wanaochota maji. Nyumba ya Uvira ichaguliwe na Warundi waliowahi kulala huku, na nyumba ya Burundi ichaguliwe na sisi tuliolala kule, hivyo hakuna mkubwa atakayejichagulia shemeji yake. Pesa tusiweke. Pesa ikiingia, kesho yake kila mtu atakuwa alipokea wakimbizi 40. Kitu ambacho kingekuwa na maana zaidi ni kile cha Nansen, yaani karatasi: wenye cheti wapite Kavimvira na Gatumba bila kulipa, maisha yao yote, na kijana wa bariera asimame wakipita.

Tena kazi ya kutafuta majina si ngumu. Shefu wa avenue na nyumbakumi wanajua ni nani alijaza nyumba mwaka 2015, na wenzao wa Gatumba, Rugombo na Buyenzi wanajua ni nani aliijaza mwaka 2025. Daftari la kurasa 100 linatosha kuanza. Ila kwa wale wa zamani lazima kufanya haraka: mwanamke wa Burundi aliyewafungulia watu wa Uvira mlango mwaka 1964, kama wakati ule alikuwa na miaka 20, leo amepita 80.